Komite ya Mchanga

Mwaka ambao wanyama wa Ishango waliamua kupokea wageni, kiangazi kilikuwa kirefu na maji yalikuwa yamerudi nyuma. Pale Ziwa Edward linapomwaga maji yake katika mto Semliki, si mbali na Kyavinyonge ukienda kwa mtumbwi, mchanga ulijitokeza mpana kuliko miaka mingine, mkavu, bila jani wala kivuli. Mtu wa mjini angeuona angesema hapa hakuna kitu. Ndivyo walivyosema wengi baadaye, na wengine walisema hivyo wakiwa wamesimama juu ya hicho kitu.

Wazo la wageni lilitoka kwa Kongoti. Msomaji aliyewahi kufika Kyavinyonge anamjua: ndege mrefu, mwenye upara, koti jeusi la wakili, na miguu aliyoipaka chokaa mwenyewe. Chokaa hiyo inatoka wapi tusiulizane, huenda kuna anayesoma huku anakula. Kongoti havui. Husimama ufukweni pale akina mama wanapopasua tilapia, akingoja matumbo, na kwa kazi hiyo ya kusimama amelea watoto na wajukuu. Lakini mwaka ule mitumbwi ilirudi myepesi. Akina mama walimaliza kupasua kabla jua halijapanda, wakasuuza visu, wakaenda zao. Kongoti akabaki na njaa, na njaa ikamfungua akili za maendeleo. Akaitisha barza.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi ni matajiri tunaolala njaa. Tuna ziwa, tuna mchanga, tuna upepo. Huko juu, Butembo na Beni, kuna mbuzi wenye pesa ambao kila Jumapili hawajui waende wapi. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wao waje, sisi tupone."

Makofi yalipigwa. Kiboko mzee, aliyekuwa ndani ya maji mpaka puani, peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini samaki wamepungua, maana barza iliitishwa kwa sababu ya njaa na hakuna aliyegusa chanzo chake.

"Babu, hilo ni swali la kitaalamu," alisema Kongoti.

"Si la kitaalamu. Ni la mavi."

Barza iliguna, akina mama kanga wakafunika watoto masikio, lakini mzee aliendelea. Kila usiku kiboko hutoka majini akala majani, kilo 40 hivi, na akirudi huyamwaga ziwani kwa namna ambayo kila mmoja anaifahamu. Hapo maji hupata mbolea, mbolea huotesha mwani mdogo usioonekana kwa jicho, tilapia hula mwani, mvuvi humvua tilapia, Kongoti hula matumbo. Katika miaka ya 1970 hifadhi hii ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Kisha ikaja miaka ya bunduki: waasi, askari, wenye njaa ya nyama na wenye tamaa ya meno. Waliohesabiwa mwaka 2005 hawakufika 1,000.

"Mpishi mmemla," alisema Kiboko, "sasa mnashangaa chakula kinachelewa."

Kongoti alishukuru sana kwa mchango huo, akaagiza uandikwe, akarudi kwenye ajenda ya wageni.

Komite ilichaguliwa siku hiyohiyo. Kongoti akawa prezida. Mwari alipendekezwa kuwa mweka hazina kwa sababu ana mfuko, akapingwa kwa sababu ana mfuko. Kazi ikaangukia kwa Kenge, mpole, mwenye mwendo wa kimyakimya na ulimi usiotulia, ambaye aliapa mbele ya wote kwamba hana tamaa na pesa hata kidogo. Katika viapo vyote vya siku ile, hicho ndicho kilichokuwa cha kweli. Nyani alifanywa msemaji, maana alikuwa na simu. Kiboko alipewa cheo cha rais wa heshima, yaani anaruhusiwa kuzungumza.

Mwishoni Kongoti aliuliza kama yupo mwenye neno. Sauti ndogo ikajibu kwamba yupo.

"Mwenye neno asimame tumwone."

"Nimesimama, Papa Prezida."

Wakamtafuta. Alikuwa Mama Kitwitwi, chini ya mdomo wa Mwari. Alisema ana mayai mawili pale mchangani, majirani zake wanayo mengine, na angependa kujua wageni watapita wapi.

Kongoti aliutazama mchanga kwa muda. "Mayai gani? Mimi siyaoni."

"Ndiyo kazi yake, Papa. Yasionekane."

Kitwitwi hajengi. Huchagua mahali peupe, akalala kifudifudi na kujizungusha mpaka kifua kinaacha kijishimo, basi nyumba imekwisha. Mayai yake yana madoa na michirizi ya rangi ya mchanga wenyewe. Akiona hatari kwa mbali, huyapigia mchanga kwa miguu, upesi upesi, kulia na kushoto, mpaka yamefunikwa, kisha hukimbia na kujifanya anatafuta wadudu mahali pengine kabisa. Kazi kubwa iko mchana. Ndege wengine hulalia mayai yapate joto. Yeye adhuhuri huyakalia yasiive. Jua likizidi hukimbia mpaka kwenye maji, hulowesha manyoya ya tumbo, hurudi akiwa anatiririka na kuyakalia tena, mbio hizo mchana kutwa, kwa wiki tatu na zaidi. Mchanga wa saa saba hauna huruma. Yai likiachwa wazi kwa muda wa mtu kumaliza sahani ya ugali, kilichomo ndani hakitaanguliwa.

Haya yote aliyaeleza mbele ya barza. Kongoti alisema hoja imepokelewa. Kenge aliandika, na aliandika kwa makini kuliko wote. Alimwomba hata Mama arudie pale aliposema ni upande gani wa mchanga.

Jumapili ya kwanza mbuzi walishuka kutoka Butembo, watatu watatu juu ya moto, yaani pikipiki, wamefunikwa vumbi la mlimani mpaka kope. Mbuzi wa Butembo ni wafanyabiashara hodari, na hata wakipumzika wanaonekana wanapiga hesabu ya mapumziko. Walikuja na kondoo wawili wa kwaya, nguruwe mwenye kreti ya bia, na Mbwa, ambaye hakualikwa. Kenge alikaa mlangoni akipokea kiingilio. Alichofanya baadaye na pesa zile hakijulikani, lakini inasemekana zilifika kwa Kongoti zikiwa kamili, jambo lililowashtua wote.

Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Nalisisitiza hili kwa kuwa hekaya hupenda mwovu mwenye pembe, na hapa wenye pembe walikuwa waungwana kabisa. Mbuzi wa kwanza aliutazama mchanga, akasema, mimi ni mmoja tu, ngoja nikatize hapa. Wa pili hakutaka kupita palipopitwa. Alitaka mchanga ambao haujaguswa, apigwe picha juu yake, naye alikuwa mmoja tu. Kondoo walitafuta mahali palipo sawa wakatandika mkeka. Nguruwe alichimba kidogo aone kama maji yako karibu. Mbwa alikimbia huku na huku bila sababu, na akikimbia alikuwa na furaha ambayo hata mimi nisingekuwa na moyo wa kumkataza. Kufikia saa sita mchanga wote wa Ishango ulikuwa umekanyagwa na mmoja tu.

Walipomkaribia Mama Kitwitwi, alifanya alichorithi kwa mama yake. Alijitupa chini, akaburuta bawa kana kwamba limevunjika, akalia kwa uchungu, akajikokota kwenda mbali na kiota ili adui amfuate yeye na kuyaacha mayai. Kwa mbweha ujanja huu unafaa. Mbweha humwona mgonjwa, humfuata, na akiwa amefika mbali mgonjwa huruka. Wageni walipiga makofi.

"Anacheza!"

Karanga zikarushwa. Kila alipojaribu kurudi walimzunguka wakaomba arudie, hasa ile ya bawa. Alirudia. Angefanya nini? Nyani aliinama, akatafuta pembe nzuri, akapiga picha ambayo hata leo ni picha nzuri: ndege mdogo ametanua bawa, ziwa nyuma, mlima kwa mbali, na mbele kabisa, ukiwa na macho, mayai mawili yaliyofunuliwa katikati ya nyayo za mbuzi. Ilifika Beni, Goma na Kampala kabla jua halijashuka.

Jioni wageni waliaga kwa heshima. Waliokota chupa zao, karibu zote. Ndipo Kenge akatoka kwenye matete. Kwa kawaida kenge hutafuta mayai ya kitwitwi kwa jasho, anatoa ulimi, ananusa, anakosea, analala njaa. Usiku ule hakuhangaika. Kila mgeni aliyeona kiota alikuwa amekwenda mpaka pale, akasimama, akazunguka, akaita wenzake, akarudi. Nyayo zilikuwa zimeandika anwani ya kila nyumba. Mweka hazina alikagua hesabu zote, moja baada ya nyingine, akamaliza kabla mwezi haujatua.

Barza ya Jumatatu ilisomewa taarifa ya mafanikio. Mama Kitwitwi aliposimama kusema yaliyompata, Kongoti alieleza kwamba komite inasikitika, ila lazima watu watazame takwimu. Hapo Nyani, mpenda historia, akakumbusha kwamba Ishango ni mahali pa takwimu tangu zamani. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapa mfupa wenye chale, mfupa wa miaka 20,000 hivi. Chale zina safu tatu: mbili zina jumla ya 60 kila moja, ya tatu ina 48. Mfupa uko Brussels, na wataalamu wanabishana mpaka leo kama ni hesabu, au kalenda ya mwezi, au mshiko tu wa kifaa.

"Kwangu hakuna ubishi," alisema Kenge. "Ni daftari la viingilio."

Nyani alifurahi kuungwa mkono. Kisha alikumbuka kwamba wengi husema mfupa wenyewe ni wa nyani, akakaa chini.

Wiki hiyo alipita Sululu, yule ndege msafiri mwenye mdomo uliopinda, ambaye kila mwaka hutoka kaskazini ya mbali kwenda pwani ya Bahari ya Hindi. Alitua kunywa maji, akamkuta Mama Kitwitwi anakwangua kijishimo kipya, maana ndege wa mchangani akipoteza hujaribu tena. Aliposikia habari yake aliomba nafasi kwenye barza. Alipewa dakika tano, na kwa kuwa ni mgeni aliyetoka mbali, alipigiwa makofi kabla ya kusema.

Alisimulia juu ya Shela, kisiwani Lamu. Nyuma ya kijiji kile kuna vilima vya mchanga vinavyofuata bahari kwa kilomita kadhaa. Mgeni akivitazama huona mahali pa kuteleza na kupiga picha machweo. Lakini mvua inayonyesha juu yake haikimbilii baharini. Huzama, mchanga ukaihifadhi chini, maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika, na visima vya huko ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Anayekunywa chai Lamu anakunywa vilima vile. Navyo vinashikwa na mlakasa, mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau. Ukikanyagwakanyagwa hukatika, ukikatika upepo hubeba mchanga, na kilima huanza kuhama. Usiku kasa jike hupanda pwani kutaga. Akiona tochi au akisikia kishindo hugeuka akarudi majini na mayai yake. Watoto wakianguliwa hufuata mwangaza, kwa kuwa tangu mababu mwangaza wa usiku uko baharini. Taa ya hoteli huwaita upande wa nchi kavu, na asubuhi hukutwa na kunguru.

"Kwa hiyo watu wa kule wenye akili," alisema Sululu, "humwambia mgeni hivi. Tembea kwenye mchanga uliolowa, chini ya alama ya maji kujaa. Palipo na mlakasa usipande. Usiku zima taa. Mbwa abaki nyumbani. Ndege akianza kukulalamikia, umeshakaribia mno, rudi kwa njia uliyojia. Na ukiona kiota, usimwambie mtu kiko wapi."

Kila mmoja alikubali kwamba hii ni hekima. Kongoti alipendekeza ipitishwe nzima nzima kama ilivyotoka Lamu, bila kubadilisha hata nukta. Ikapita. Baadaye ndipo Mwari akauliza alama ya maji kujaa ni nini.

Sululu akaeleza kwamba bahari hujaa na kupwa, mara mbili kila siku.

"Ziwa hili halijai wala halipwi namna hiyo," alisema Kiboko.

"Babu, usitukatishe tamaa," alisema Kongoti. "Lamu wanayo, sisi tunakosa nini?"

Kenge akatoa ufumbuzi. Maji ya hapa, alisema, huteremka na Semliki mpaka Ziwa Albert, kisha huingia Nili mpaka Misri. Basi Misri iandikiwe barua ya upole, iyarudishe mara mbili kwa siku. Hoja ilipita kwa kura zote isipokuwa moja, kukaundwa kamati ndogo ya barua, na mpaka jibu litakapofika, sheria ya mchanga uliolowa ikasimamishwa kwa muda. Sheria ya mlakasa iliondolewa kwa kukosekana kwa mlakasa. Ya taa iliahirishwa. Ya mbwa ilikataliwa kwa sababu Mbwa alikuwa ameanza kulipa. Ile ya kutotaja viota ilikabidhiwa kwa Kenge aisimamie.

Sululu aliondoka alfajiri bila kuaga.

Kilichobaki kilikuwa bango. Nyani ndiye aliyeandika, na kama waandishi wengi wa mabango alianza na vyeo: Hifadhi ya Kwanza ya Taifa Barani Afrika, 1925. Urithi wa Dunia, 1979. Urithi wa Dunia Ulio Hatarini, 1994. Hiki cha mwisho Kongoti alitaka kiandikwe kwa rangi ya dhahabu, akidhani ni kupandishwa cheo. Yakafuata majina ya wanakomite na picha ya prezida kwa upande wa kushoto, ambao ndio mzuri. Ilipofika zamu ya kuandika habari za mayai, ubao ulikuwa umejaa. Nyani alibana maneno mawili pembeni, "Tafadhali angalieni," na wageni waliyatii: waliangalia.

Kusimika bango kuliitishiwa salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima. Wanyama wote walitoka, kwa kuwa asiyetoka salongo hutozwa faini. Nyati walibeba nguzo, nguruwe pori walichimba, ngiri walisawazisha njia ya kupita viongozi, kwaya ya vyura ikasimama katika nafasi iliyotengwa. Kulikuwa na hotuba saba. Nguzo ya kushoto iliingia ardhini vizuri sana, mahali palaini, na jirani mmoja wa Mama Kitwitwi, aliyekuwa na mayai mawili pale, alikimbia kuizunguka mpaka hotuba ya nne, kisha akaacha.

Kiboko hakwenda salongo. Faini aliandikiwa. Jioni Kongoti alimfuata ufukweni kumweleza kwamba rais wa heshima anapaswa kuonyesha mfano.

"Mjukuu wangu," alisema Kiboko, "wewe uzito wako ni kilo ngapi?"

"Nane, labda."

"Mimi ni tani na nusu. Kila usiku napita mchanga ule kwenda majanini, na babu yangu alipita, na ukoo mzima ulipokuwa maelfu ulipita. Umewahi kusikia kitwitwi analia juu ya kiboko?"

Kongoti alifikiri. Hakuwahi.

"Tuna njia moja. Tunatoka majini mahali palepale, tunarudi mahali palepale, mpaka ardhi imechimbika. Kitwitwi anaijua, anataga kando. Ninyi wepesi ndio mnaotembea kila mahali."

Kongoti alisema wageni hawawezi kulazimishwa kupita njia ya kiboko. Wanalipa, wana uhuru wao. Mzee aliongeza kwamba wageni waliolipia uhuru amewaona zaidi ya mara moja. Mwaka 2014 walikuja wa kampuni ya SOCO, kutoka Uingereza, wakapiga mitetemo chini ya ziwa kutafuta mafuta ya petroli. Nao walisema hawagusi kitu, wanasikiliza tu. Dunia ilipiga kelele, na mwezi wa Juni mwaka huohuo wakakubali kuacha. "Wale walikuwa na meli na mitambo, na tulijua ni wageni. Hawa wa Jumapili ni watoto wetu, ndiyo maana hakuna anayepiga kelele."

Kongoti alitazama saa ambayo hana, akaaga.

Usiku ule Kiboko alitoka majini akiwa ameshiba kupita kawaida. Asiyemfahamu kiboko inabidi aelezwe: akiweka mpaka wake hatumii nguzo. Hugeuza makalio, huanza kupunga mkia mfupi ule kwa kasi, na mzigo wote hutawanyika kushoto na kulia kama ulivyotoka. Alianza penye bango, akalihudumia mbele na nyuma, picha ya prezida na vyeo vyote. Kisha alisogea hatua, akapunga, akasogea, akapunga. Ukoo wake uliosalia ulimfuata nyuma ukijaza mapengo. Alfajiri mstari ulikuwa umetoka kwenye matete mpaka kwenye maji, mpana, mbichi, ukifuka mvuke, na mchanga mkavu wote ulikuwa upande wa pili.

Jumapili mbuzi walifika na viatu vya Jumapili. Wa kwanza alisogea mpaka kwenye mstari, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua tatu. Hakuna aliyesoma bango, maana halikusomeka, na ni mara ya kwanza lilipofanya kazi. Walikubaliana kupita pembeni, kule chini ambako wimbi linafika na kurudi, mchanga umelowa na mguu hauzami. Wakagundua kwamba ni pazuri kutembea. Kondoo waliimba huko, nguruwe akapoza bia zake huko. Mbwa pekee ndiye aliyependa mstari. Alijigaragaza humo kwa raha mpaka wenzake wakakataa kurudi naye, akafungwa chini ya mti mpaka jioni. Wimbi lilifuta nyayo zote kabla wageni hawajapanda moto zao, na Kenge alipotoka kwenye matete alikuta mchanga usioandikwa kitu. Alitembea na ulimi nje hadi usiku wa manane. Alilala njaa.

Wiki zikapita hivyo. Mama Kitwitwi alitaga tena, akalowesha tumbo, akakimbia, akakalia, na siku moja asubuhi mayai yalipasuka. Watoto wa kitwitwi hawasubiri kulishwa kitandani. Manyoya yakikauka wanasimama, na kabla ya jioni wanafukuzana na nzi kandokando ya mavi ya kiboko, ambako nzi hawakosekani.

Ndipo komite ikakutana kwa dharura. Ajenda ilikuwa moja: harufu. Kenge alizungumza kwa uchungu ambao haukuwahi kusikika kwa mweka hazina yeyote. Alisema heshima ya Ishango imechafuliwa, wageni waheshimiwa wanabanwa kwenye ukanda mwembamba kama wafungwa, mchanga mzuri unakaa bure bila mtu. Alipendekeza salongo ya kusafisha, na baada ya hapo matembezi rasmi ya kufungua upya eneo, wanakomite wote wakitangulia. Nyani aliunga mkono, akasema picha za ukanda ule zote zinafanana. Mwari aliunga mkono kwa sababu hakuwa amesikiliza. Mama Kitwitwi alisimama kupinga, akaambiwa asimame.

Kongoti aliinua mguu wake mmoja mweupe kuitisha kura. Wakati huohuo kutoka upande wa Kyavinyonge zikasikika sauti za wavuvi, mitumbwi minne, na akina mama wakiteremka na visu na beseni. Prezida aligeuza shingo. Mguu ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka upande wa Kyavinyonge, ukafuatiwa na mwingine, akafungua mabawa na kuondoka bila kufunga mkutano, na makongoti wengine wote nyuma yake. Akidi ikawa imevunjika. Hakuna uamuzi ulioandikwa, kwa hiyo mstari ukabaki palepale, bila kibali na bila katazo.

Wanyama walitawanyika. Kenge alisubiri mpaka uwanja ukawa mtupu, akajongea kwa Nyani aliyekuwa amekaa juu ya kigogo akifuta kioo cha simu yake.

"Kaka Nyani," alimwambia kwa upole, "ile picha uliyowapiga jana watoto wa Mama Kitwitwi, wanafukuza nzi, imenigusa sana. Hebu niione tena. Hapo ulikuwa umesimama wapi hasa?"

Nyani alifurahi, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimsogezea simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kumwonyesha.